Mechi Nane za Telesphor Komba

Telesphor Komba tumemzika Jumanne iliyopita hapa Hounslow, na mimi nina haki ya kumcheka. Yeye Mngoni wa Peramiho, mimi Mhehe wa Kalenga. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, walipochoka wakawa watani, na sisi wajukuu tukaupakia utani huo kwenye ndege tukaja nao Ulaya. Miaka kumi na minane tulifanya kazi chuo kimoja, mimi jikoni, yeye stoo ya michezo, na hakuwahi kuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Mtani. Kila asubuhi aliniuliza kama mbwa wa jirani yangu bado yuko hai, nami nikamwuliza panya wa stoo amewabakiza wangapi, maana Mhehe husingiziwa kula mbwa na Mngoni panya. Wazungu waliokuwa wakipita walidhani tunajuliana hali.

Wanaotaka kumsifu wamekwisha kumsifu kanisani. Mimi nitasema niliyoyaona.

Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene na mwendo wa mtu anayeogopa kumwaga maji. Seminari aliiacha mwaka wa tatu kwa sababu, alidai, mapadri hawana watani. Alifika London mwaka wa tisini na tisa. Alibeba mizigo Heathrow mpaka mgongo ukagoma, akafagia ofisi za watu, na mwaka 2005 akapata kazi ya kutunza vifaa vya michezo hapo chuoni. Mkewe, Hilda, alikuwa akihudumia wazee Isleworth. Stoo ilikuwa chumba kirefu kisicho na jua, chenye dirisha moja la kutolea vitu na kaunta ya mbao. Humo Telesphor alikuwa mfalme. Rafu alizipanga mwenyewe, daftari aliliandika kwa Kiswahili ili mtu mwingine asilichezee, na soksi moja ikipotea, timu nzima haitoki mpaka ipatikane. Nimewahi kuona wanaume wazima kumi na moja wamepiga magoti chini ya mabenchi wakitafuta soksi ya mwenzao.

Mpira wa Kimarekani hakuujua kabla ya hapo. Mara ya kwanza alipowaona vijana wamevaa mabega ya plastiki na kofia zenye vyuma usoni, aliniambia ni watu walioiba magodoro wakakimbilia uwanjani. Baadaye aliuelewa kuliko mimi. Kwa faida ya msiojua: kuna mpira mrefu wenye ncha mbili, na kuna kijana mmoja, mrushaji, ambaye timu nzima inamtegemea. Anaurusha, mwenzake anaudaka na kukimbia nao mpaka mwisho wa uwanja. Akiudaka adui, hiyo ni aibu ya mrushaji.

Timu yetu iliitwa Korongo. Mrushaji wake, mwaka ninaousimulia, aliitwa Douglas, kijana wa Kiingereza kutoka Reading, mrefu, mpole, namba kumi na mbili.

Mwaka huo ni 2013. Wazoefu karibu wote walikuwa wamehitimu, kocha wa zamani alikuwa amekwenda zake, na waliobaki hawakufika ishirini na watano. Nusu yao walianza kujifunza mchezo Septemba. Msimu una mechi nane, kila moja Jumapili, kuanzia Novemba mpaka Machi. Mechi ya kwanza walifungwa arobaini na moja kwa bila. Ya pili, thelathini na nane kwa bila. Wakawa kichwa cha mwendawazimu, kila chuo kinakuja kujifunzia kunyoa. Tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa kipimo hicho, Korongo walikuwa washindani wakubwa kuliko wote Uingereza.

Mechi ya tatu ilichezwa nyumbani, kwenye mvua. Nilikuwa zamu ya kuuza chai uwanjani, kwa hiyo niliiona. Douglas alirusha mpira mara nne moja kwa moja mikononi mwa adui. Hamsini na mbili kwa bila. Walipotoka uwanjani hawakutazamana.

Yaliyofuata aliniambia Telesphor mwenyewe, na wachezaji wakayathibitisha. Aliingia chumba cha kubadilishia nguo kukusanya jezi zilizolowa, akakuta kimya. Mmoja amejifunika taulo kichwani, mwingine ameshika tama, Douglas anatazama ukuta. Kila aliyetaka kusema alianza, akaacha. "Mtani," aliniambia, "nilikuta matanga."

Sasa Mngoni akiingia kwenye matanga ya watu asio ndugu yao, anajua kazi yake. Kwetu kusini, mfiwa haachwi alie mpaka akauke. Mtani huja akajilaza mkekani, akajifunika shuka, akawa yeye ndiye marehemu: atakoroma alivyokoroma, atajivuna alivyojivuna, atataja ubahili wake mbele ya wajane. Wengine huingia kaburini wakagoma kutoka. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka, na baada ya hapo angalau wanaweza kumeza uji. Ndugu hawezi kuifanya kazi hiyo, na mgeni hathubutu. Nilipomwuliza nani aliyemfanya kuwa mtani wa Waingereza, alisema mtu aliyekufulia soksi mwaka mzima si ndugu yako wala si mgeni, sasa ni nani kama si mtani?

Basi akatandika jezi juu ya meza ya kuchulia misuli, akapanda, akavaa kofia namba kumi na mbili, akajifunika taulo jeupe na kukunja mikono kifuani. Halafu akajililia, kwa Kiingereza chake cha Peramiho. Alisema marehemu alikuwa mtu wa huruma sana. Wageni walikuja na njaa, akawapa mpira. Aliwapa mara nne, kwa mkono wake mwenyewe, na watoto wake wakalala bila kula. Wachezaji wawili watatu wakaanza kucheka. Marehemu akatoa mkono chini ya taulo akauliza ni nani atakayeirithi kofia, maana ndani yake hamkuwa na kitu, ni mpya kabisa. Chumba kizima kikacheka.

Douglas aliinuka, akachukua begi lake, akatoka akiwa bado na viatu vya mchezo, vikigonga sakafuni. Kicheko kikakatika. Kocha msaidizi ndiye aliyesema: baba yake Douglas alizikwa Alhamisi.

Telesphor alishuka mezani na kofia ya mtu kichwani.

Ningekuwapo ningemvuta miguu kabla hajafika popote. Lakini sikuwapo, na hata ningekuwapo nisingejua, kwa sababu hakuna aliyejua. Hapo ndipo hasira yangu ilipokuwa, na bado ipo. Kwetu msiba haufichiki. Kilio kinasikika, watu wanakaa nje, hata mpita njia anavua kofia. Hapa kijana anamzika baba yake Alhamisi, Jumapili anavaa mabega ya plastiki anakwenda kugongwa na watu, na hamwambii mtu isipokuwa kocha. Mficha maradhi kilio humuumbua, sawa, na anayeficha kilio chenyewe je? Telesphor hakutaka kulisikia neno hilo. Alisema kosa ni lake, asitafutiwe mshirika.

Malalamiko yaliandikwa kesho yake, na kocha msaidizi, si Douglas. Yalifika kwa Harrison, meneja wa michezo. Harrison ni Mkenya kutoka Eldoret, mtu wa haki na mtu wa karatasi. Telesphor alipewa barua: kikao cha nidhamu kingefanyika Machi msimu ukimalizika, na anaweza kufukuzwa kazi. Kabla ya hapo aendelee na stoo yake, ila asizungumze na wachezaji jambo lolote isipokuwa vifaa.

Kufukuzwa kwake hakukuwa jambo dogo. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na mgongo mbovu. Mahali pengine pangemchukua kwa lipi? Na hata pangemchukua, asingekuwa mfalme tena. Hilda aliniomba nikaseme na Harrison, kwa kuwa tunaelewana lugha. Nilikwenda na chapati. Nikamweleza habari ya utani tangu vita vya babu zetu, nikamwambia mimi na Telesphor tunatukanana kila siku na hajawahi kuniudhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mlango.

"Mama, nakuelewa," alisema. "Lakini kwetu hii kitu hatuchezi nayo. Ilianzanga hivyo hivyo, joke tu, nani anakula nini, nani ametoka wapi. Halafu 2007 nikaona nyumba ya neighbour ikichomwa na watu wenye walikuwa wanamtania kwa hoteli. Mimi mtu akiniambia ni mzaha, nauliza, yule mwenye anachekwa, yeye anasemaje?"

Nilikuja na historia ya Wangoni na Wahehe, na mwenzangu alikuwa na yake. Nikamwachia chapati nikarudi jikoni.

Telesphor aliitii barua ile kwa herufi zake. Wachezaji wakija dirishani, anasema, kwa Kiswahili cha daftari lake: "Mabega. Jezi. Soksi. Kofia." Anaandika, anageuka. Wakirudisha: "Mabega. Jezi. Soksi. Kofia." Habari ya asubuhi hasemi, kwa kuwa habari ya asubuhi si kifaa. Mtu akimwuliza hali, anamtazama, anasogeza soksi. Hata mimi utani wake ulipungua. Nilimwuliza panya wangapi leo, akasema hajahesabu. Siku hiyo niliogopa kweli, maana Mngoni aliyeacha kujibu ni mgonjwa.

Na timu ikaendelea kufungwa. Ya nne, ya tano, ya sita, ya saba. Walisafiri saa tatu kwa basi kwenda kufungwa, wakasafiri saa tatu kurudi. Wachezaji waliniambia baadaye kwamba nusu ya pili ya msimu ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, si kwa mabao, bali kwa sababu walirudi chumbani wakakuta kimya, na mzee anaokota jezi kama anayeokota kuni kwenye msitu wa watu. Douglas hakukosa mechi hata moja. Alikuja dirishani, akapokea vitu vyake akaondoka, na Telesphor akamtajia vifaa tu. Watu wawili wanaogopana kwa heshima namna hiyo inachosha kuwatazama.

Mechi ya nane, Machi, walifunga. Mara moja tu, pointi sita, Douglas alirusha na mwenzake akaudaka kama kwa bahati mbaya. Wenzetu walikuwa na thelathini na tatu. Lakini zile sita watu walizishangilia mpaka nikamwaga chai.

Kesho yake, Jumatatu, ilikuwa siku ya kurudisha vifaa vya msimu, na kikao cha Telesphor kilikuwa Jumanne saa nne. Nilimpelekea chakula nikakaa ndani ya stoo, kwenye kreti. Vijana walipita mmoja mmoja. Mabega, jezi, soksi, kofia. Harrison naye alikuwa kwenye korido na karatasi zake, akihakiki hesabu ya mabega. Wa mwisho alikuwa Douglas. Aliweka mabega, akaweka jezi, akaweka soksi, pea moja, kamili. Kofia akaishika kifuani.

"Kofia," Telesphor alisema.

Douglas alisema ataitoa akijibiwa jambo moja. Kule anakotoka, ni kweli watu hufanya vile kwenye mazishi? Kuna mtu alimweleza. Alizungumza kwa adabu, macho yake yako kwenye kaunta.

Telesphor aliniangalia mimi. Halafu akamwangalia Harrison, ambaye alikuwa ameacha kuhesabu. Zilibaki saa ishirini na mbili kufika kikao. Nilimkazia macho: sema kofia, Mngoni, sema kofia nyamaza. Nilimsemea moyoni kwa Kihehe, na kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza.

"Ni kweli," alisema. "Mfiwa hawezi kujichekesha mwenyewe. Analetewa mtu. Siku ile nilidhani mmefiwa na mechi. Sikujua wewe umefiwa na baba. Nisamehe, mwanangu. Ningejua, ningelala mezani vilevile, ila ningeanza na yeye."

Douglas aliuliza angesema nini. Telesphor akamwambia hamjui marehemu, atasemaje? Mtani hafanyi kazi gizani. Amtajie ubaya wake.

Kijana aliegemea kaunta. Akasema baba yake alikuwa haisikilizi ramani ya gari. Msimu uliopita aliendesha gari mpaka Southampton kuja kumwona akicheza, na mechi ilikuwa hapa hapa Hounslow. Akasimama huko kwenye baridi, akashangilia timu asiyoijua nusu nzima ya mchezo kwa sababu jezi zilikuwa za kijani.

"Kumbe ni ukoo," Telesphor alisema. "Baba anakwenda kwenye uwanja usio wake, mtoto anarusha mpira kwa watu wasio wake. Na sisi tulikuwa tunamlaumu kocha."

Douglas alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye korido, mgongo ukutani, kofia mapajani, na kicheko kikageuka kilio, kile kilichopaswa kutoka Novemba. Telesphor alifungua mlango wa stoo, akatoka, akakaa chini karibu naye na mgongo wake mbovu. Harrison alisimama pale na karatasi. Kisha akazigeuza uso chini juu ya kaunta, akaondoka polepole, bila kumaliza kuhesabu mabega.

Kwenye kikao nilimsindikiza, kwa kuwa sheria inamruhusu mfanyakazi kuja na mwenzake. Kulikuwa na mama mmoja wa ofisi ya utumishi, na Harrison. Telesphor alikiri kosa la Novemba, akakiri na la jana, kwamba alizungumza na mchezaji jambo lisilo kifaa. Yule mama alipekua akaona la jana halimo kwenye faili, akamwuliza Harrison kama analijua. Harrison alisema jana alikuwa anahesabu mabega. Halafu akasema amemwuliza yule mwenye alichekwa, na jibu lake analo. Akatoa barua ya Douglas, mistari mitatu, akaisoma. Telesphor alipewa onyo la maandishi la mwaka mmoja, na kazi akabaki nayo. Kule nje alinishika mkono akauliza kama mbwa wa jirani bado yuko hai. Nilimwambia tulimla jana kwa furaha.

Msimu uliofuata Korongo walishinda mechi tatu. Telesphor hakuzipenda sana. Alisema ushindi hauna la kusemwa.

Tulikuwa tumeahidiana, mimi na yeye, kwamba atakayetangulia atachekwa na atakayebaki. Moyo wake ulisimama mwezi uliopita, stoo, akipanga rafu. Jumanne baada ya makaburini tulikusanyika ukumbi wa parokia. Wali, nyama, sambusa. Hilda alikaa kwenye kiti kwa sababu magoti yake hayataki tena mkeka. Wangoni wa London wote walikuwapo, wengine wametoka Barking, na wote walinitazama mimi, Mhehe pekee mle ndani. Maneno nilikuwa nimeyaandaa. Nilisimama mbele yao, na hayakuja. Nililia kama mtu wa ukoo, jambo ambalo mtani hapaswi kufanya, na niliona aibu, na niliendelea kulia.

Ndipo mtu mmoja mkubwa akainuka safu ya nyuma. Sikumtambua mara moja, ameongezeka kilo nyingi, na nywele zimempungua. Douglas alisogeza sahani za sambusa, kwa uangalifu, moja baada ya nyingine. Akapanda mezani, meza ikalia, akalala chali na kujifunika kitambaa cha meza mpaka kichwani. Kisha chini ya kitambaa ikatoka sauti ile ile nzito ya Peramiho, kwa Kiswahili, neno kwa neno.

"Mabega. Jezi. Soksi. Kofia." Mkono ukatoka, ukapapasa meza. "Soksi moja haipo. Hakuna anayetoka hapa."

Hilda ndiye aliyecheka kwanza. Wangoni wakamfuata, na mimi nikafuta uso kwa kanga nikaiendea ile meza. Nilimwambia ashuke, hata kufa hajui, Mngoni hufa mdomo wazi kwa sababu bado ana la kusema. Akashuka, akanipisha. Nikawageukia wafiwa, nikaanza na panya.